Siuzi Bila Breki

Mimi fundi wa chukudu, Ndosho, nyuma ya wauza mkaa.
Mti wangu ni mkalitusi uliokauka miezi minne,
si mitatu. Waulize.
Gurudumu nalichonga kwa panga, nalivika tairi kuukuu,
na mwisho kabisa, nyuma, chini,
napigilia kipande cha raba cha kukanyagwa na mguu:
breki.

Vijana huja na haraka ya pesa.
"Fundi, breki utaweka kesho, kabichi zinaoza Kibumba."
Nawajibu, mteremko haujui kesho.
Nilimzika Mumbere na harufu ya viazi vyake,
magunia sita yalimsukuma mpaka usoni mwa lori.
Bila breki siuzi.
Nenda kwa mwingine.

Sasa msikie fundi huyo alivyoteremka.

Usiku mlima ulipopasuka, mbingu ikawa jiko.
Nilibeba godoro, msumeno, redio, mtoto wa jirani.
Kopo la misumari nikaliacha kwenye rafu,
na chini ya misumari, vidonge vyangu vya miezi miwili,
maana nani atatafuta dawa ndani ya misumari?
Hata mimi sikutafuta.

Sake. Darasa la tano, hesabu za watoto bado ubaoni.
Siku ya tisa bila kidonge.
Yeye alikuwa na blanketi, mimi godoro.
Ardhi ilitetemeka kwa kazi yake,
yeye kwa baridi,
na mimi kwa jambo ambalo si ardhi wala baridi.
Kondomu ilikuwamo mfukoni mwa shati.
Niseme vizuri: ilikuwamo.
Niligusa pembe ya karatasi yake, ikalia kama jani kavu,
nikaogopa ataniuliza, "Ya nini?"
Swali moja tu, la maneno mawili,
lilinishinda mimi niliyeushinda moto kwa miguu.
Akaniambia jina lake, Kavugho.
Nikampa la kaka yangu.

Tulirudi. Nyumba ilisimama, kopo lilisimama,
jiwe jeusi lilipoa hatua mia moja kutoka mlangoni.
Kwenye foleni ya dawa wanaume tunatania sana.
Barhame husema, "Aliyelowa haogopi mvua,"
naye ana wake wawili, na hakuna anayejua.
Mwingine husema akishusha chupa tatu za kasiksi
ugonjwa humsahau mpaka asubuhi.
Tunacheka. Kisha kila mmoja anatazama viatu vyake.

Mwaka uliofuata muuguzi Nabintu aligeuza karatasi:
"Virusi vimelala. Kipimo hakivioni.
Ukimeza kila siku, humpi mtu.
Ukiacha, vinaamka, na havibishi hodi."
Nilitembea mpaka ziwani.
Maji yalikuwa laini, mama mmoja akifua mashuka,
na chini yake, sote tunajua, kuna gesi
imelala tangu enzi za mababu.
Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Halafu nikahesabu nyuma:
siku ya tisa.

Jumamosi sita nilikwenda Sake.
Akina Kavugho ni wengi kama mawe.
Nilimwona Goma, soko la Virunga, anapima maharage,
mtoto mgongoni, na sikuthubutu kukisia umri wake.
Nilisema yote. Niliyasema vibaya, mwisho kwanza,
nikataja dawa kabla ya ugonjwa,
nikataja mfuko wa shati, ile karatasi iliyolia.
Mteja alikuja, akapimiwa vikombe vitatu,
akarudishiwa chenji, akaenda.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia shavu.
Kavugho alifuta kikombe kwa kitenge, polepole,
ndani, kisha nje, kisha ndani tena.
"Hospitali ipi?" akauliza.
Nikamwambia.
"Hufungua saa ngapi?"
Nikamwambia.
Mtoto akaamka, akanitazama, akapiga chafya.

"Na wewe," akasema, "jina lako
ni nani?"